MKONGE WA POMBE NA MKONGE WA KAMBA



Tangu mvua zilipoanza nimeulizwa swali moja katika vijiji vitatu. Niliulizwa Magu. Niliulizwa Misungwi. Nikaulizwa tena nilipovuka ziwa kwenda Sengerema. Swali lenyewe ni hili: "Bwana shamba, tunasikia kuna mkonge unaotoa pombe ya bei kubwa, na watu wa ng'ambo wanaigombea. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tung'oe mihogo tupande mkonge?"

Watu hawaulizi bure. Kuna mtu anapita vijijini akiuza miche ya mkonge. Anasema kila mche ni fedha, na wanunuzi wa pombe hiyo wako njiani kuja. Mama mmoja mwenye ekari mbili alikuwa tayari kutoa ekari moja ya muhogo ili apande miche hiyo. Ekari hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake kuanzia Januari mpaka mavuno.

Jibu langu ni hili. Pombe hiyo ipo, na mmea wake upo. Lakini si miche hii inayouzwa. Using'oe mihogo. Leo nitaeleza sababu, ili mtu huyo akifika kwako umwulize maswali badala ya kumpa fedha.

TEKILA NI NINI?

Pombe hiyo inaitwa tekila. Inatoka nchi ya Meksiko. Meksiko iko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kusini ya Marekani. Huko kuna mji mdogo uitwao Tequila, katika jimbo la Jalisco. Pombe imepewa jina la mji huo.

Tekila hutengenezwa kwa mmea wa jamii ya mkonge. Ukiuona kwa mbali utasema ni mkonge wetu. Majani yake ni marefu na yana ncha kali. Rangi yake ni kijani kinachoelekea buluu, kama moshi wa asubuhi. Hapa tutauita mkonge wa buluu. Mkonge wa buluu na mkonge wetu ni ndugu, lakini si mmea mmoja. Ni kama mbuzi na kondoo. Wote wana kwato na wote hula majani, lakini hutamnyoa mbuzi wako upate sufu.

Sisi tunavuna majani ya mkonge. Wao majani wanayakata na kuyaacha. Wanachotaka ni kiini kilicho katikati ya mmea. Kiini hicho kikishaondolewa majani kinafanana na nanasi kubwa, na wenyewe kwa lugha yao wanakiita hivyo hivyo, nanasi. Nanasi moja laweza kuwa na uzito wa kilo 40 au zaidi. Ndani yake mna utamu mwingi.

Utamu huo hauji upesi. Mkulima anapanda mche, anapalilia, anangoja. Kwa kawaida anangoja miaka 6 au 7. Mmea ukikomaa unataka kutoa mlingoti wa maua, na mlingoti huo ukikua unanyonya utamu wote. Kwa hiyo wanaukata ungali mdogo. Kuvuna ni kazi ya mafundi. Fundi ana chombo chenye mpini mrefu na bapa la mviringo lenye makali, na kwa chombo hicho anachonga majani yote mpaka nanasi linabaki tupu. Kisha nanasi hupikwa katika tanuri, husagwa, maji yake huachwa yachachuke, halafu huchemshwa na mvuke wake hukusanywa. Lita moja ya tekila huhitaji kilo 7 hivi za nanasi.

Sasa soma neno hili polepole. Tangu mwaka 1974 jina la tekila linalindwa na sheria ya Meksiko. Pombe huitwa tekila ikiwa tu imetengenezwa kwa mkonge wa buluu uliolimwa Jalisco, au katika sehemu zilizotajwa za majimbo mengine manne. Mkulima wa Meksiko aliye nje ya mpaka huo hawezi kuuza pombe yake kwa jina hilo. Sembuse mkulima wa Misungwi. Hata ungepata mkonge wa buluu wenyewe ukaupanda kando ya ziwa, ukastawi, katika masoko makubwa pombe yake isingeitwa tekila.

Mimi sheria hiyo siichukii. Naona ni ya akili. Sisi tuna mchele wa Kyela ambao kila mwenye duka mjini anasema anao, hata kama gunia lilitoka kwingine kabisa, na mkulima wa Kyela haoni senti ya ziada. Wenzetu wa Meksiko walilishika jina lao mapema.

Kabla hatujaendelea, nawaomba jambo moja. Mtu asijaribu kupika pombe ya mkonge nyumbani. Maji ya mkonge wetu yanawasha ngozi. Mkonge na miti ya jamii hiyo ukipikwa bila ufundi na vipimo unaweza kutoa sumu inayopofusha macho na kuua. Tena sheria ya nchi yetu inakataza kupika gongo, iwe ya mkonge au ya kitu kingine.

BEI INAPANDA, WATU WANAPANDA

Haya, tuseme wewe ni mkulima wa Jalisco. Una mkonge wa buluu na uko ndani ya mpaka. Je, umetajirika? Wengine walitajirika. Wengine walibaki na shamba lililojaa mananasi yasiyo na mnunuzi.

Mambo huenda hivi. Mwaka fulani mkonge wa buluu unakuwa haba, na bei inapanda. Wakulima wanasikia, kila mtu anapanda. Wenye mahindi wanaacha mahindi. Watu wa mjini wasiojua jembe wanakodi mashamba wapande nao. Lakini mmea huu unakomaa baada ya miaka 6. Katika miaka hiyo bei bado iko juu, kwa sababu iliyopandwa bado haijakomaa. Kwa hiyo watu wanazidi kupanda. Kisha miaka inatimia. Mashamba yote yanakomaa pamoja. Viwanda vinapata mzigo kuliko vinavyotaka, na bei inaanguka. Mkulima anavunjika moyo, hapandi tena. Baada ya miaka kadhaa mkonge unakuwa haba, na mchezo unaanza upya.

Haya si maneno yangu ya kubuni. Fedha ya Meksiko inaitwa peso. Katika miaka ya mwisho ya 1990 kilo moja ya nanasi hilo iliuzwa kwa bei ndogo sana, na wakulima wengi waliacha kupanda. Baridi kali na magonjwa vikaharibu sehemu ya iliyokuwapo. Kufika mwaka 2000 mkonge ulikuwa haba na kilo ilipita peso 10. Watu wakapanda kwa wingi. Kufika miaka ya 2006 mpaka 2009 bei ilikuwa imeanguka tena. Wakaacha. Ikapanda tena, na kufika mwaka 2022 kilo ilifika karibu peso 30. Watu wakapanda kuliko wakati wowote. Mwaka 2024 bei ilikuwa chini ya peso 10. Aliyepanda akitumaini shilingi tatu alipata shilingi moja, na wengine hawakupata hata hiyo.

Tena soko lao ni kama mtumbwi uliolemea upande mmoja. Mwaka 2023 Meksiko iliuza nje karibu lita milioni 400 za tekila. Katika kila lita 10, lita 8 hivi zilikwenda nchi moja tu, Marekani. Wamarekani wakipunguza kunywa, au serikali yao ikiongeza ushuru, mkulima wa Jalisco anasikia maumivu ingawa hajakosea lolote shambani.

Wanaoumia kidogo ni wenye viwanda na wenye majina ya chupa. Pombe inaweza kukaa katika mapipa ikasubiri bei. Ikikaa mwaka mmoja au zaidi huuzwa hata kwa bei kubwa zaidi. Nanasi la mkulima haliwezi kusubiri. Likishakomaa ama livunwe ama lioze.

Wakulima wa pamba wa Kwimba na Magu hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini pamba ni ya miezi sita. Ukikosea mwaka huu, mwakani unapanda kitu kingine. Mkonge unafunga shamba lako kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye hatari yake.

MKONGE WETU ULITOKA HUKO HUKO

Wengi hawajui kwamba mkonge si mmea wa asili yetu. Nao ulitoka Meksiko. Huko, katika nchi ya Yucatan, kuna bandari ndogo iitwayo Sisal, na kwa jina hilo Waingereza wanauita mkonge mpaka leo. Mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtaalamu mmoja jina lake Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu. Miche mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Pangani. Mashamba makubwa ya kwanza ya nchi yetu yalianzia katika miche hiyo 62.

Mashamba yalienea Tanga, Morogoro, Kilimanjaro, Lindi na kwingineko. Vijana waliajiriwa kutoka mbali, wakiwamo wa bara. Waliandikwa kwa namba, ndiyo sababu wakaitwa manamba. Babu wa baadhi yenu walikuwa huko na walirudi na baisikeli. Wengine hawakurudi.

Huku Usukumani mkonge ulikuja kwa njia nyingine. Wazee waliupanda kuwa ua wa mashamba na maboma ya ng'ombe. Mpaka sasa ukipita Kwimba au Maswa unaona mistari hiyo. Mkonge wa mpakani hauhitaji kazi nyingi. Bei ikiwa mbaya, unaacha ukae kama ua. Bei ikipanda, unakata majani, unapara singa, unauza. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, mataifa makubwa yaligombea katani kwa ajili ya kamba na bei ikapanda sana. Vita vilipopoa, bei nayo ilishuka. Wenye mkonge wa mpakani hawakupoteza shamba, maana hawakuwa wamelitoa.

Baada ya Uhuru tulikuwa wa kwanza duniani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za katani. Kisha tukaanguka. Kufika miaka ya mwisho ya 1990 tulikuwa tunatoa tani 20,000 hivi. Ni kama mtu aliyekuwa na ng'ombe 23 akabaki na wawili.

Kwa nini? Watu hubishana. Wengine husema ni kwa sababu serikali ilitwaa mashamba mengi mwaka 1967, na usimamizi ukalegea. Hilo lina ukweli wake. Lakini nendeni Mwaloni Kirumba, pale wavuvi wanaposhusha dagaa, mtazame kamba na nyavu. Mtaona nailoni na plastiki. Nyavu za nailoni ziliingia ziwani katika miaka ya 1950. Mvuvi alizipenda kwa sababu haziozi. Hali kadhalika mkulima wa Ulaya na Marekani, aliyekuwa akifunga majani ya ng'ombe wake kwa kamba ya katani, alipata kamba ya plastiki iliyo rahisi zaidi. Huyo ndiye aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa. Alipoondoka, shamba likisimamiwa vizuri au vibaya, bei ilikuwa chini.

Mwaka 1974 bei ilipanda tena kwa ghafula. Mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda bei, na plastiki hutengenezwa kwa mafuta. Wenye mkonge uliokomaa walifaidi. Aliyepanda mwaka huo alianza kukata majani bei ikiwa imekwisha kushuka.

Siku hizi mambo yana nafuu. Plastiki imeanza kuchukiwa. Sisi wenyewe tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Nyavu za nailoni zilizopotea ziwani hazifi, zinaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Katani huoza ikawa udongo. Nchi nyingine zinainunua kwa mazulia, kwa kamba, na kwa kuchanganya na jasi ya kuta na dari. Brazili ni ya kwanza kwa mkonge duniani, nasi tunaifuata. Serikali yetu imeuweka mkonge katika mazao makuu ya biashara, na Bodi ya Mkonge inawahimiza wakulima wadogo. Kwa hiyo sisemi mkonge ni mbaya. Nasema ujue unauza nini. Mkonge wetu unauza kamba, hauuzi pombe.

KILO 100 ZA MAJANI

Hapa tupige hesabu. Chukua kalamu.

Ukikata kilo 100 za majani ya mkonge, utapata katani kavu kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Sasa tuseme mkokoteni wako wa ng'ombe unabeba kilo 500. Umefanya safari nzima, ng'ombe wamechoka, na ulichobeba ni katani kilo 20. Kilo 480 ni takataka.

Tena jani likikatwa halingoji. Lipelekwe kwenye mashine ndani ya siku moja au mbili, likiwa bado na maji yake. Likikauka, singa hazitoki vizuri na daraja la katani linashuka. Mashine hiyo watu wa Tanga wanaiita korona. Korona kubwa ni kiwanda kizima. Iko pia mashine ndogo ya kuhamishwa, lakini inakata vidole vya mtu asiyefundishwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mwenye miche si "Bei gani?" Mwulize, "Korona iko wapi?" Kama iko karibu, inafanya kazi, na inapokea majani ya wakulima wadogo, mnaweza kuzungumza. Kama hana jibu, hana biashara. Ana miche tu.

Swali la pili: "Miche imetoka wapi?" Kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, kilitoa aina ya mkonge iitwayo namba 11648, inayotoa majani mengi kuliko mkonge wa zamani. Lakini upo ugonjwa wa madoa ya majani, uliopewa jina la Korogwe, na madoa yake huharibu singa. Miche isiyojulikana ilikotoka inaweza kukuletea ugonjwa, na ukishauingiza katika kitongoji umewapa na majirani.

Swali la tatu: "Nani atanunua, na ameandika wapi?" Ahadi ya mdomo haifungi mtu. Akionyesha karatasi, msiweke sahihi siku hiyo. Ileteni kwa ofisa kilimo wa kata au katika mkutano wa chama cha msingi, isomwe kwa sauti mpaka kila mtu aelewe. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni hata maandishi madogo ya chini.

Yule mama wa ekari mbili nilimshauri apande mkonge mpakani, mstari mmoja, na ekari ya muhogo aiache. Mpakani mkonge unazuia ng'ombe, unashika udongo kwenye mteremko, na unampa kamba za kufungia mbuzi na za kusuka mikoba. Mwenye eneo kubwa na aliye karibu na mashine anaweza kupanda shamba kamili. Apande safu mbili mbili, mita 1 kati ya safu na safu, halafu aache njia ya mita 4 kabla ya safu mbili nyingine. Kati ya mche na mche aache sentimita 80. Katika njia ile pana apande choroko au maharage miaka miwili ya kwanza, maana majani ya kwanza ya mkonge hayakatwi kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Mkonge huchukia maji yaliyosimama. Usiupande kwenye mbuga ya mpunga.

Na wale wanaopara singa kwa mkono, msioshee mkonge ziwani wala mtoni. Maji yake huwalewesha samaki na kuwaua, na wanaochota chini yenu watawashwa. Chimbeni shimo mbali na maji. Takataka zikioza vizuri, ziwekeni shambani.

Mwenye swali juu ya mkonge aniletee siku ya gulio, au ampe ofisa kilimo wa kata yake. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha muhogo usipate ukungu.

Wenu,
Bwana Shamba